BMW 325i (E90) kwa barabara za Kampala: uzoefu wangu na pampu, boliti na mafundi

Kama una E90 (jina la kiwanda la sedani hii) yenye injini ya N52 na fundi wako maisha yake yote ameshika Toyota Premio na Ipsum, shida yako ya kwanza ni fundi. Gari litafuata baadaye.

Ninaloliongelea ni 325i sedani, lita 2.5, silinda sita za mstari mmoja, otomatiki, usukani kulia, lililotoka Japani kupitia Mombasa kama mengi tunayoyaona hapa. Sedani hizi zilitengenezwa kati ya 2005 na 2011. Tangu sheria ya Uganda ya 2018 ilipozuia kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi, karibu zote zimeshafungiwa mlango. Zilizopo nchini ndizo hizo hizo, na kila inayogongwa inaishia kuwa spea kwenye masoko ya Kisekka au Ndeeba. Kwa mwendo na usukani nalipatia nyota tano bila kufikiri. Kwa matengenezo nalipatia nne kwa mwenye spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza), soketi za nyota na kifaa cha kusomea kompyuta. Asiye navyo, mbili, na hapo nimemhurumia.

Niseme kuhusu boliti kwanza, maana hapo ndipo gereji nyingi zinapoharibu. Bloku ya N52 kwa nje ni magnesi (metali nyepesi, magnesium), kwa ndani kwenye silinda na njia za maji ni alumini. Magnesi ikigusana na chuma cha kawaida na unyevu ukapita hapo, magnesi inaliwa. Kwa hiyo kiwanda kilifunga boliti za alumini, ambazo hukazwa kwa torki ndogo kisha zikazungushwa kwa pembe (digrii) maalumu hadi zivutike. Boliti iliyokwisha kuvutika hairudishwi. Ukiirudisha, itakatika sasa hivi mkononi au itakatika baadaye ikiwa moto, na kutoa kisiki chake kwenye magnesi ni kazi ya siku nzima. Fundi anayesema "hizi ni laini, ngoja nikutafutie za chuma" anakuuzia kutu. Chukua sumaku ndogo, ipitishe kwenye boliti za injini: ya alumini haishikwi. Ukikuta sumaku imenasa mahali palipotakiwa alumini, jua kuna mtu amepita hapo kabla yako. Mimi hununua boliti mpya pamoja na gasketi, kwa namba ya chesisi, kabla gari halijapandishwa jeki.

Sasa pampu ya maji. Hii haizungushwi na mkanda, ni ya umeme, inaamriwa na kompyuta ya injini. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi haikupi dalili za kizamani: haivuji, haipigi kelele. Inafanya kazi leo asubuhi, na jioni kwenye foleni ya Jinja Road imekufa. Wengi husema hufa kati ya kilomita 100,000 na 160,000, na gari letu la Japani likishafika hapa hakuna anayejua kwa hakika limetembea ngapi. Kwa hiyo ukilinunua bila risiti ya pampu, hesabu kwamba unaidaiwa. Namba ya pampu kwa N52 ya aina hii ni 11517586925, mtengenezaji ni Pierburg. Thamostati, vali inayofungua na kufunga njia ya maji, ni 11537549476. Zibadilishe pamoja, kwa sababu kuifikia moja ni kuifikia nyingine. Ya mtumba usiguse kabisa. Ile ilitolewa kwenye gari la umri ule ule, na kinachochoka ni umeme wa ndani ambao huwezi kuukagua kwa macho hata ukiisafisha ikang'aa.

Dashibodi ya 325i haina mshale wa joto la maji, ina taa tu. Ikiwaka ya njano, punguza mwendo ukitafuta pa kusimama. Ikiwaka nyekundu, zima pale pale hata kama matatu nyuma yako inapiga honi. Feni ikivuma kwa nguvu zote huku injini imekosa nguvu, soma misimbo: 2E81 hadi 2E85 ni ukoo wa pampu. Kifaa kidogo cha bluetooth kwenye soketi ya chini ya usukani kitakuonyesha joto halisi kwenye simu, na usishtuke ukiona nyuzi 105 hadi 112 ukienda taratibu. Ndivyo injini hii ilivyopangwa, inajipasha ili kupunguza mafuta, na ukikanyaga inateremka yenyewe hadi tisini na kitu. Mafundi wengi wakiona 108 hutaka kutoa thamostati "ili injini ipoe". Kwa Corolla ya zamani ungepona. Hapa thamostati ina waya, kompyuta inaitafuta, na ukiitoa injini haifiki joto lake kamwe, inakula mafuta na taa haizimiki.

Kingine ni mwinuko. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na kwa mwinuko huo maji ya wazi huchemka karibu nyuzi 96. Kinachozuia kulanti (maji ya kupozea injini) ya nyuzi 110 isichemke ni shinikizo, na shinikizo linashikwa na mfuniko wa tangi la plastiki. Mfuniko uliochoka, au tangi lililopasuka nywele kwenye mshono, ni sababu tosha ya gari kuchemka huku pampu ikiwa nzima. Tazama mabaki meupe au ya bluu yaliyokauka kwenye mshono wa tangi. Mfuniko mpya ni bei ndogo sana, uweke tu.

Kulanti ni ile ya bluu ya aina ya G48, nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kwa mvuke, jumla inazidi lita nane kidogo. Vituo vya mafuta huuza maji hayo kama maji ya betri, lakini soma lebo usije ukapewa asidi. Maji ya bomba yanaacha chokaa na kula alumini.

Kutoa hewa ndiko kunakokosewa zaidi. Watu wanafungua skrubu, wanawasha injini, wanasubiri mapovu. Pampu ya umeme haitaki hivyo. Chaja iwe kwenye betri. Jaza tangi hadi alama ya juu, funga. Washa swichi bila kuwasha injini, weka hita kwenye joto la mwisho na feni kasi ya chini kabisa, kisha kanyaga mafuta hadi sakafuni kwa sekunde 10 na uachie. Utaisikia pampu ikianza kuvuma, mara haraka mara polepole, kwa dakika 12 hivi. Ikinyamaza, fungua, ongeza, na kama kiwango kimeshuka sana rudia. Ukiruka hatua hii, pampu mpya inazunguka kwenye hewa na wewe unarudi dukani kulalamika kwamba umeuziwa feki.

Oili ni lita 6.5 na filta ya karatasi, Mann HU 816 x. Kifuniko cha filta kinafunguliwa kwa soketi ya milimita 86 na kinakazwa Nm 25 (Nm ni kipimo cha torki). Plagi ya kumwagia oili nayo Nm 25 na wosha mpya. Weka 5W-30 au 5W-40 yenye idhini ya BMW Longlife-01 iliyoandikwa nyuma ya dumu. Ile 20W-50 ambayo kila gereji inakumiminia ni nzito kwa Vanos, mfumo wa kubadilisha muda wa vali, ambao unategemea oili inayopita kwenye vitundu vyembamba. Kompyuta ya gari itakwambia kilomita 25,000 kati ya servisi. Kwa vumbi na foleni zetu mimi humwaga kila 7,000 hadi 8,000. Hakuna kijiti cha kupimia: kiwango kinasomwa kwenye skrini kwa kitufe cha mkono wa taa za ishara, injini ikiwa moto, gari limesimama tambarare. Fundi mmoja alitaka kuongeza "kidogo tu kwa usalama". Kati ya alama ya chini na ya juu ni lita moja, hivyo hiyo kidogo yake inatosha kuvuka mpaka.

Taa ya injini ikiwaka na misimbo 2A82 au 2A87, hizo ni solenoidi (vali ndogo za umeme) za Vanos, ya ulaji na ya moshi. Ziko mbili mbele ya injini na zinafanana, kwa hiyo kabla ya kununua badilishana nafasi zake. Msimbo ukihama, solenoidi ni mbovu. Ukibaki pale pale, tafuta waya au uchafu wa oili. Koili za plagi zijaribu vivyo hivyo, P0301 hadi P0306 zinakutajia silinda.

Uvujaji wa oili uko wa aina tatu, na mmoja tu unatisha. Gasketi ya kava ya juu inadondosha kwenye ekzosti, utasikia harufu ya kuungua ukisimama kwenye taa, na oili ikiingia kwenye visima vya plagi injini inakosa moto. Gasketi ya sampu inahitaji kushusha kiunzi cha mbele, ni kazi ndefu, na mara nyingi watu hulipishwa hiyo bure kwa sababu oili inayoonekana chini imetoka juu. Osha injini, endesha siku mbili, angalia kwa tochi kuanzia juu. Utaona mara nyingi inatoka kwenye nyumba ya filta ya oili, na huo ndio wa kutisha. Oili hiyo inadondokea mkanda. Mkanda ulioloa unateleza, unachomoka, unajiviringisha nyuma ya puli ya krenkshafti, na puli inauvuta kupitia sili ya mbele hadi ndani ya injini. Nyuzi za mpira zinaziba chujio la pampu ya oili. Gasketi yenyewe ni kipande cha mpira kinachoenea kiganjani. Ukiibadilisha, weka na mkanda mpya siku hiyo hiyo, maana mpira uliokwisha kunywa oili hausafishiki.

Chini ya gari, kinachokufa kwanza ni bushi za mikono ya mbele (inayoshikilia magurudumu) zile zenye majimaji ndani. Zikipasuka utaona weusi wa mafuta kwenye mpira, na ukifunga breki kwenye mwendo wa 80 hadi 100 usukani unatetemeka. Fundi atakwambia diski zimepinda. Ashike mkono kwa wenzo kwanza. Nunua mkono mzima, kuliko bushi ya gari jingine iliyokandamizwa kwa nyundo. Na kuna hatua moja ndogo ambayo sijaona gereji ikiifanya bila kuambiwa: kabla ya kuinua gari, pima kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa bodi juu yake, andika. Ukishafunga mkono mpya, inua kitovu cha gurudumu kwa jeki hadi kipimo kirudi kile kile, ndipo ukaze boliti ya bushi. Ukikaza tairi likiwa linaning'inia, mpira unakaa umejikunja kila siku ya maisha yake na miezi michache kwa matuta yetu inatosha kuukata. Halafu lawama inaangukia spea.

Tairi za kiwanda ni zile zinazotembea bila upepo. Kuta zake ni ngumu, shimo moja kwenye barabara inayomomonyoka linapasua rimu. Nimehamia 205/55 R16 za kawaida, zinapatikana popote na gari limelainika. Ila gari halina nafasi ya tairi la akiba, hivyo unalibeba kwenye buti. Rimu ni za matundu matano kwenye duara la milimita 120 (5x120), tundu la katikati milimita 72.6, za Toyota haziingii. Zinashikwa na boliti, hakuna nati, Nm 120.

Breki sina mengi: oili ya DOT 4 kila miaka miwili, na sensa ya pedi iko moja mbele kushoto na moja nyuma kulia. Ikishakatika haiungwi.

Giaboksi usinunulie oili kabla ya kusoma kibao chake, kwa sababu kuna zenye ZF 6HP19 na zenye boksi ya GM, na oili zake hazichangamani. Neno "oili ya maisha" lipuuze. ZF wenyewe hushauri kubadilisha kati ya kilomita 80,000 na 120,000 au miaka minane. Sampu ya ZF ni plastiki na filta imo humo humo. Kiwango kinapimwa injini ikinguruma, oili ikiwa nyuzi 30 hadi 50. Ikiwa moto zaidi ya hapo, utaijaza pungufu.

Betri iko kwenye buti upande wa kulia. Ikibadilishwa lazima isajiliwe kwenye kompyuta, la sivyo inachajiwa kama ile kuukuu. Ukiishiwa chaji, usikubali dereva wa boda akuletee nyaya za kuunga ovyo. Tumia vishikizo vilivyo chini ya boneti. Umeme ukiyumba, moduli ya taa na vioo iliyo chini, sehemu ya kuwekea miguu, inaweza kupoteza kumbukumbu: ishara zinazima, vioo havishuki. Usinunue moduli nyingine mbio mbio, nyingi zinafufuliwa kwa kuandika data upya.

Anayetaka kununua lililopo sokoni, aende asubuhi kabla muuzaji hajaliwasha. Ashike boneti, iwe baridi. Alisikilize likiwashwa: mlio wa tiki-tiki unaokwisha baada ya safari ndefu hauna ubaya mkubwa, ni vidonge vya vali vilivyochoshwa na safari fupi fupi. Kisha aache likinguruma dakika 20 kiyoyozi kikiwaka, simu ikisoma joto, na mkononi awe na ile sumaku.