Katalogi ya matetemeko ya USGS, ikipimwa kwa Antili Ndogo

Kwa kupakua data, katalogi ya Shirika la Jiolojia la Marekani, USGS, ni huduma nzuri sana: ni ya bure na haidai kujisajili. Kwa kujibu swali la kama matetemeko yameongezeka, inahitaji mkono wa fundi. Tumeipima kwa Antili Ndogo, visiwa vya mashariki mwa Karibi, ambako udhaifu wake huonekana upesi.

Huko bamba la Amerika Kaskazini, yaani kipande kikubwa cha tabaka la juu la dunia, linazama chini ya bamba la Karibi kwa takriban sentimita 2 tu kwa mwaka. Tetemeko lililobomoa mji wa Pointe-à-Pitre, Guadeloupe, lilitokea tarehe 8 Februari 1843. Hata kama mabamba yangekuwa yamekwamana kabisa tangu siku hiyo, mwendo uliolimbikizwa haujafika mita 4. Kwa kasi hiyo, miaka 50 ya data ni kipande kifupi mno, na ni rahisi mtu kuona vituo vya kupimia vikiongezeka akadhani ni matetemeko.

Katika utafutaji chagua mstatili: latitudo 10 hadi 19, longitudo -64 hadi -58. Alama ya kutoa ni lazima. Ukiisahau utaangukia Bahari ya Arabu, na kwa kuwa huko nako ardhi hutetemeka, utapata faili lenye data kama kawaida bila onyo lolote. Pakua kwa CSV, yaani faili la jedwali. Matokeo yakizidi 20,000 ombi hukataliwa, kwa hiyo gawanya miaka. Andika pia tarehe ya kupakua, maana rekodi husahihishwa na hesabu ya leo huenda isilingane na ya mwezi ujao.

Faili likifunguka, anza na safu ya kina. Ukiona 10 au 33 kamili ikijirudia mstari baada ya mstari, hicho hakikupimwa. Kimewekwa tu kwa sababu data haikutosha kukikokotoa. Hasara yake ni kubwa, kwani kina ndicho kinachosaidia kutofautisha tetemeko la bamba la juu, la mpaka wa mabamba na la ndani ya bamba linalozama. Kisha tazama safu ya gap, yaani pembe pana zaidi isiyo na kituo kuzunguka tetemeko. Visiwa vimepangana kama shanga na mashariki yake ni Atlantiki tupu, hivyo pembe ikizidi digrii 180 usiamini mahali palipoandikwa kwa usahihi wa kilomita chache.

Safu ya magType, yaani aina ya kipimo cha ukubwa, nayo isirukwe. Kipimo cha mb, cha mawimbi yapitayo ndani ya dunia, hukwama kwa matetemeko makubwa ilhali Mw, cha momenti ya tetemeko, hakikwami, kwa hiyo kuvichanganya katika mchoro mmoja huzaa mabadiliko ambayo ardhi haikuyafanya.

Kosa tunaloliona la hatari zaidi ni hili. Tarehe 21 Novemba 2004 tetemeko la ukubwa wa 6.3 lilipiga Les Saintes, visiwa vidogo vya Guadeloupe, kisha likafuatwa na mengine madogo kwa maelfu. Tarehe 29 Novemba 2007 likaja la 7.4 karibu na Martinique. Anayehesabu mistari tu atasema mpaka wa mabamba umeamka. La kwanza lilikuwa la kina kifupi ndani ya bamba la juu. La pili lilikuwa takriban kilomita 150 chini, ndani ya bamba linalozama. Hakuna hata moja lililovunja mpaka wenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya kuhesabu, chora idadi kwa kila ngazi ya ukubwa ya 0.1, tafuta ngazi yenye idadi kubwa kuliko zote, ongeza 0.2, utupe yote yaliyo chini yake, kwa kuwa hayo hayakurekodiwa yote. Rudia kwa kila muongo. Kiwango cha miaka ya 1970 kiko juu kuliko cha sasa, na ndicho kitakachotawala ulinganisho wote. Halafu ondoa mitetemeko ya baadaye, yaani ile inayofuata tetemeko kubwa. Kwa dirisha la Gardner na Knopoff, yaani kanuni yao ya umbali na muda, tetemeko la 6.0 hubeba yote yaliyo ndani ya kilomita 54 na siku 510 baada yake.

Kwa matetemeko madogo katalogi hii haitoshi. Tumia ya Kituo cha Utafiti wa Matetemeko cha Chuo Kikuu cha West Indies, Trinidad, au za vituo vya Kifaransa vya Guadeloupe na Martinique. Ukiziunganisha, panga kwa saa ya UTC, saa ya pamoja ya dunia, utafute jozi zilizopishana kwa sekunde chache: mara nyingi ni tetemeko moja lililoandikwa mara mbili, na moja lazima lifutwe.