Meza ya Thanksgiving kwa vitu vya mtumba: kipi kinalipa na kipi ni kupoteza hela

Nianze na jibu, maana najua wengine hamfiki mwisho: kupamba nyumba kwa Thanksgiving, sikukuu ya Marekani ya kutoa shukrani, kwa mitumba na vitu vya kutupwa kunalipa, ila kwa sharti moja. Chagua rangi moja kabla hujatoka nyumbani. Ukiingia dukani bila rangi kichwani, utatoka na mfuko wa makorokoro ya watu, tena umeyalipia.

Mimi naishi Columbus, Ohio, na zamu ya kupokea ndugu hutuangukia sisi karibu kila mwaka kwa kuwa ndio wenye sebule inayotosha. Shada la kuning'iniza mlangoni kwenye maduka ya mapambo huku si ajabu kulikuta dola 40, kwa sikukuu ya siku moja. Hela hiyo mimi naona bora iende kwenye bata mzinga na mchele wa pilau. Mwaka huu nilijiwekea dola 30 kwa mapambo yote na zilibaki.

Kwanza kalenda, kwa sababu nusu ya bei iko hapo. Sheria ya 1941 iliiweka Thanksgiving Alhamisi ya nne ya Novemba, kwa hiyo huangukia kati ya tarehe 22 na 28. Halloween, ile sikukuu ya kuchonga maboga, ni Oktoba 31. Katikati pana wiki tatu na ushee ambapo maduka yanataka kuondoa maboga haraka ili yapange ya Krismasi. Nenda siku chache tu baada ya Halloween, utayakuta yameshushwa bei. Chukua yale mazima, si yaliyochongwa. Lililochongwa huoza ndani ya wiki, wakati zima likikaa mahali pakavu penye ubaridi humaliza miezi miwili hata zaidi. Mimi siyapaki rangi. Nayafuta vumbi, nayapanga ngazini, na sikukuu ikipita yanaingia jikoni kuwa boga la nazi. Yale madogo ya kuokea pai ndiyo matamu. Haya makubwa ya kuchonga ni maji matupu.

Sasa mitumba. Mimi hununua zaidi Goodwill, ambao kazi hii wameianza tangu 1902 kule Boston. Matawi mengi yana tagi za rangi, na kila wiki rangi mojawapo huuzwa nusu bei. Uliza keshia mlangoni rangi ya wiki ni ipi kabla hujaanza kuzunguka. Vinavyostahili hela yako ni vitatu: vioo, mbao na vikapu. Vinara vya kioo vya aina tofauti nilivipata kwa dola moja moja na kitu, kikapu cha ukindu kwa dola 2, bakuli la mbao lililokwaruzika kwa dola 3. Hakuna kilichofanana na mwenzake, na ndiyo maana vilikuwa bei poa.

Hapo ndipo rangi moja inapofanya kazi. Nilinunua kopo moja la rangi ya kupuliza, rangi ya udongo uliochomwa, ile ya chungu. Vinara vyote, fremu mbili za picha na mitungi ya kioo ya mchuzi wa tambi niliyokuwa naikusanya tangu kiangazi, vyote vikapigwa rangi hiyo. Kioo kifute kwanza kwa spiriti, la sivyo rangi inabanduka kwa kucha. Puliza nyepesi nyepesi, mara kadhaa, ukiacha ikauke kila mara. Ukitaka kumaliza kwa mkupuo mmoja utapata michirizi. Na fanya mapema. Makopo mengi yanataka joto la nyuzi 10 za Selsiasi na kwenda juu, na Ohio ya Novemba haikuahidi hizo. Fanya nje au baraza wazi, si bafuni. Mitungi iliyopigwa rangi usiiwashie mshumaa wa moto, tumia ile midogo ya betri, hasa kama umezungushia majani makavu.

Wifi yangu aliingia, akasimama mezani kabla hata ya kuvua koti.
"Wifi, hii seti umeinunua wapi? Nikaangalie na mimi."
"Seti gani, wifi? Hicho unachoshika kilikuwa cha mchuzi wa tambi."
Aligeuza mtungi akatazama chini kabisa, akakuta herufi za kiwandani. Alicheka sana, lakini aliondoka na kimoja.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni gunia la kahawa. Wakaanga kahawa wadogo hubaki na magunia matupu ambayo hawana pa kuyapeleka. Wengine hugawa bure, wengine hutaka dola chache. Mimi niliomba kwenye karakana ya kahawa ya mtaani, mhudumu akanipeleka stoo nijichagulie. Nikafukua hadi nikapata la Tanzania, kilo 60, mhuri bado unasomeka vizuri. Ndilo likawa kitambaa cha katikati ya meza. Tahadhari: gunia la juti lina harufu kama ya mafuta ya taa na linapukutisha nyuzi, kwa hiyo usilitie kwenye mashine ya kufulia. Niliroweka kwenye beseni, nikalianika nje kwenye upepo hadi harufu ikaisha.

Kulikata kuna ufundi wake. Ukikata kwa macho tu litakwenda upande. Tafuta uzi mmoja pale unapotaka kukata, uvute taratibu kwa vidole, gunia litajikunja kama pazia kwenye kamba. Endelea kuvuta hadi uzi utoke wote. Ukilinyoosha utaona ufa mwembamba ulionyooka kabisa kutoka pindo hadi pindo. Pitisha mkasi humo. Kisha paka gundi nyeupe kidogo upande wa chini karibu na ukingo ili lisiendelee kufumuka, na uache vidole viwili vya nyuzi zikining'inia. Mhuri nikauweka upande wa wageni, makusudi.

Maboga ya kitambaa ni kazi ya jioni moja mbele ya televisheni. Kata mkono wa sweta kuukuu, funga upande mmoja kwa ndani, jaza pamba ya mto wa zamani, funga juu. Halafu zungushia uzi mnene kutoka juu hadi chini, ukikaza, mara sita au nane, na mikunjo ya boga itajitokeza yenyewe. Kikonyo ni kijiti cha mti wa nje. Sweta ya pamba hailingani na ya sufu nene yenye mistari. Hiyo ya sufu ndiyo inatoa boga hasa. Vipande vya kitenge nilivyokuwa navyo vilitoa vidogo, lakini maua makubwa ya kitenge yalipigana na ile rangi yangu ya udongo, vikaishia chumbani kwa watoto.

Mambo mawili yanaiharibia mitumba sifa. La kwanza, bei za baadhi ya maduka ya mitumba zimekuwa kichekesho. Duka moja karibu na kwangu lilikuwa linauza boga la plastiki dola 2.99, na chini yake stika ya Dollar Tree, duka la vitu vipya vya bei ya chini, haijabanduliwa. Huko kwenyewe bei ya msingi ilipanda kutoka dola 1 hadi 1.25 mwaka 2021, yaani jipya lilikuwa nafuu kuliko lililotumika! Plastiki ya msimu usinunue mtumba. La pili ni usafi. Vikapu na vitambaa vya mtumba visiingie ndani moja kwa moja. Vitambaa vipitishe kwenye mashine ya kukaushia kwa joto kali nusu saa, kwa ajili ya kunguni. Mbegu za msonobari ulizookota bustanini zipashe oveni kwa joto dogo, nyuzi 200 za Fahrenheit, kama nusu saa, wadudu wafe na magamba yafunguke vizuri. Usiondoke jikoni zikiwa humo. Na sahani za kauri za zamani zenye nakshi za rangi zinaweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo kwangu zinakaa ukutani, chakula hakiwekwi humo.

Kuna kitu kingine utakikuta kwa wingi kwenye rafu hizo: vinyago vya wahamiaji Waingereza wa Plymouth, wanaohusishwa na Thanksgiving ya kwanza, na "Wahindi" wa manyoya kichwani, yaani wenyeji wa asili wa Marekani. Mimi naviacha hapohapo. Waliokula na wahamiaji hao mwaka 1621 walikuwa Wawampanoag, watu wenye jina lao, na tangu 1970 wenyeji wa New England hukusanyika Plymouth siku hiyohiyo kuomboleza. Majani na maboga yananitosha.

Majani hayo, kama unataka yasikauke yakapukutika kabla ya Alhamisi, yaloweke kwenye glisirini, sehemu moja kwa mbili za maji, siku tatu hadi tano yakiwa yamekandamizwa na kitu kizito. Yanabaki laini kama ngozi. Glisirini inapatikana kwenye maduka ya dawa.

Walio Texas ya kusini au Florida wameniuliza wafanyeje, kwao miti haigeuki rangi. Nendeni kwenye maduka ya Wamexico, mchukue maganda makavu ya mahindi wanayofungia tamale, chakula chao cha unga wa mahindi, pakiti ni dola chache na ina maganda mengi. Yarowekeni kwenye chai ya rangi iliyokolea, ya moto, hadi yalegee; yakiwa bado na unyevu ndiyo mnayakunja na kuyafunga kwenye duara la waya au la kadibodi yawe shada la mlangoni. Yakishakauka hayakunjiki tena, yanapasuka.