Mafunzo ya huduma ya kwanza, Chake Chake: somo zuri, midoli haba

Wauguzi wenzangu, nendeni. Mimi nilikwenda na swali langu: nimo kwenye gari ya Wete, sina sare, abiria akaanguka, sheria inanibana?

Mwalimu alilichambua vizuri. Uingereza, sheria haimlazimishi mpita njia kumwokoa asiyemjua. Ila kanuni za NMC, baraza la wauguzi la huko, zinamtaka muuguzi atoe msaada dharura ikitokea kazini au popote pengine, kwa kuangalia usalama wake na mipaka ya ujuzi wake. Ufaransa, kumtelekeza aliye hatarini ni jinai, kifungo hadi miaka 5. Ya kwetu aliyapitia mbiombio, chai ishaiva. Hapo sikuridhika, maana ndiyo yaliyonitoa nyumbani!

Vitendo safi. Kukandamiza kifua sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ukifikisha kina, mdoli wa mazoezi unalia "tak". Lakini midoli miwili kwa darasa zima? Tulipanga foleni kama ya petroli.

Chukueni kanga ya kupigia magoti, sakafu ni saruji tupu.