Lambay, wiski ya Ireland iliyolala kwenye mapipa ya konyaki: uzoefu wangu

Wakuu, mi sio mtaalam wa wiski, nianze na hilo kabisa. Dar nlikua mtu wa bia na Konyagi, sasa siku naona dukani hapa Dublin chupa imeandikwa imemaliziwa kwenye mapipa ya konyaki, akili ikakimbilia vile viroba tulivyokua tunararua kwa meno kabla havijapigwa marufuku 2017, nikacheka peke yangu pale. Konyaki yenyewe ni brandi ya Ufaransa, wanachukua divai wanaichemsha na kukusanya mvuke kama wapika gongo tu, alafu wanailaza kwenye mapipa ya mwaloni.

Niliyonunua ni Lambay ile ya single malt, yaani ya shayiri iliyooteshwa tu na ya kiwanda kimoja, kilevi asilimia 40. Wiski nyingi za Ireland zinalala kwenye mapipa ya mtumba kutoka Marekani, kwa sababu sheria ya kule inataka bourbon, wiski yao ya mahindi, iwekwe pipa jipya, so likishatumika linauzwa. Hii inaanzia humohumo, alafu inahamishiwa mapipa ya Camus, hao ni watu wa konyaki tangu 1863. Umri hawajaandika kwenye chupa yangu, ila sheria ya Ireland ni lazima ikae pipani isipungue miaka 3.

Usiku wa kwanza niliiharibu mwenyewe. Nilijaza barafu nikamwagia soda, shemeji akaniangalia kama nimetia chumvi kwenye chai. Kesho yake nikamimina kavu, kidogo tu, nikaiacha kama dakika kumi naangalia mpira, asee, kuja kunusa ni kitu kingine! Visheti vilivyotoka kwenye shira, zabibu kavu, na ganda la chungwa kwa mbali. Ukiinywa haraka hayo hupati, unapata vanila basi, yaani ile brandi inakuja mwishoni mwishoni kama mgeni anayebisha hodi taratibu. Haichomi koo, wameichemsha mara tatu, alafu inaacha kaukakasi ka mbao kama chai ya rangi iliyosahaulika kwenye thermosi.

Kama umezoea zile za Scotland zenye moshi utasema hii ni juisi, na sitabishana na wewe. Mimi ningependa ingekua kali kidogo zaidi ya hapo, maana ukiongeza hata kijiko cha maji utamu unakimbia. Na bei, yuro 60 na ushee, sio ya kunywa kila Ijumaa.

Jina ni la kisiwa cha Lambay, ukienda ufukwe wa Donabate unakiona kabisa kimekaa baharini. Ni cha familia moja, na humo kuna wallaby, wale wadogo zake kangaruu, sitanii. Niliwahi kukaa pale na baridi yote ile nikitamani ningekuja na kichupa.

Ushauri wangu: usinunue ukaipeleka kwenye sherehe ya watu wengi, wataimaliza na kola. Yangu imebaki vidole viwili na shemeji anakuja Jumamosi, nimeificha nyuma ya sembe.