Maen Ceti, Gower: jiwe limevunjika ila nenda tu

Wakuu, hili kaburi la zama za mawe liko juu ya kilima cha Cefn Bryn karibu na kijiji cha Reynoldston, kwenye rasi ya Gower, Wales, kiingilio bure, hakuna geti wala mlinzi, unapaki gari pembeni ya barabara unakanyaga nyasi kidogo umefika. Kama unategemea jengo zima utanuna, maana lile jiwe kubwa la juu limepasuka na kipande chake kinene kimelala chini pembeni. Lakini inama uchungulie: tani kama 25 zimekaa juu ya vijiwe vichache vyembamba, na vingine wala havigusi! Wataalamu wanasema jiwe lililetwa na barafu kubwa iliyosogea zamani, watu wakachimba chini yake wakaliwekea nguzo, aisee wajanja hawa. Hadithi ya wenyeji eti Arthur, yule mfalme wa hadithi za kale za Uingereza, alilitoa kwenye kiatu akalirusha, haya bwana. Sheria ya Uingereza ya 1882 ya kulinda mambo ya kale ililitaja kati ya maeneo ya mwanzo kabisa kulindwa. Choo hakuna, duka hakuna, upepo unapiga vibaya, farasi wanazurura na mavi yao kila mahali, vaa buti. Nyota 4.