TAHADHARI: Anabadilisha Vitz yenye deni kwa magari yetu ya mradi, Mombasa

Ndugu zangu wenye magari ya mradi, yaani magari ya zamani tunayoyafufua, kuanzia Likoni hadi Mtwapa, someni hili kabla hamjampa mtu funguo. Kuna bwana anazunguka akitafuta watu kama sisi: gari la zamani liko juu ya mawe uani, injini iko kwa fundi, na asubuhi unahitaji kitu cha bei nafuu cha kukufikisha kazini. Anajua pesa zako zimeishia kwenye mradi, na hapo ndipo anapokuingilia.

Jamaa yangu anafufua Datsun 160J, ukoo uleule wa magari aliyoshindia Shekhar Mehta mbio za Safari Rally mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Aliweka tangazo akitafuta bampa ya nyuma. Jioni ileile simu ikalia. Aliyepiga hakuwa na bampa, alikuwa na Vitz. "Kaka, hilo Datsun litakumaliza. Nipe hilo na laki mbili juu, kesho uende kazini na gari lako." Kwa mtu anayegombania matatu Mshomoroni kila alfajiri, maneno hayo ni matamu. Akatuma elfu kumi na tano kwa M-Pesa, za kushikilia gari, ndipo akaniita twende tukalitazame.

Bwana alitaka tukutane magharibi kwenye kituo cha petroli. Nikakataa, nikataka mchana kweupe na injini baridi. Akaja mchana, lakini boneti ilikuwa haishikiki kwa joto. Rangi inang'aa, ndani kumefukizwa udi utadhani gari la bibi harusi. Nilikuwa na kisumaku mfukoni. Juu ya tairi la nyuma kilidondoka chini: hapo hapana bati, ni puti, ile lipu ya kuziba matundu. Hewa yetu ya chumvi hula gari kuanzia huko na chini ya milango, na chini kote kulipakwa rangi nyeusi mbichi. Kisha nikauvuta mkanda wa dereva mpaka mwisho wake. Kile kipande ambacho siku zote hubaki kimejikunja ndani kilikuwa na mstari wa tope kavu. Gari hilo liliwahi kuzama. Gari la mafuriko huweza kwenda vizuri kwa muda, halafu viungio vya nyaya vinaliwa na kutu, taa za dashibodi zinaanza kuwaka zenyewe, na fundi wa umeme anakuwa mgeni wako wa kila wiki.

Hata hivyo, kutu na maji ni mambo ya kupunguziana bei. Kuna mtu atanunua kwa kujua, na ni haki yake. Kilichonitia wasiwasi zaidi ni kijisanduku cheusi, kidogo kuliko kiberiti, kilichofungwa kwa utepe nyuma ya fyuzi chini ya dashibodi. Traka, kifaa cha kuonyesha gari lilipo. Nikauliza ni ya nani. "Hiyo alamu tu." Si kila gari lenye traka lina tatizo, wengi wetu tunaziweka kwa ajili ya wezi. Lakini mwenye gari huijua traka yake.

Tukaomba logibuku, hati ya umiliki wa gari, akatuonyesha picha kwenye simu. Akasema mwenye gari yuko Maskati, yeye ni binamu yake. Papo hapo tukaitafuta nambari ya gari katika huduma za NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili magari, kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Majina yakatoka mawili: la mtu, na la kampuni ya mikopo. Gari lilikuwa dhamana ya deni.

Sasa tazameni mchezo ulivyo. Datsun lako lina logibuku safi kwa jina lako, hivyo yeye anaondoka na mali halali anayoweza kuiuza nzima au vipande vipande. Wewe unaondoka na gari ambalo mkopeshaji analiona lilipo usiku na mchana. Mzee mmoja wa Kisauni aliyebadilishana naye hivyohivyo aliamka akakuta mahali pa gari patupu. Alidhani wezi, kumbe ni madalali wa mnada waliotumwa na mkopeshaji, wakiwa na karatasi zao zote.

Kwa hiyo msikubali mauziano ya karatasi ya makubaliano pekee. Anayeanzisha uhamisho wa umiliki ni mwenye jina, kutoka akaunti yake mwenyewe ya eCitizen, na sheria ya trafiki inataka mmiliki mpya awe amesajiliwa ndani ya siku 14. Kama yuko Maskati kweli, eCitizen inafunguka Maskati. Na hata jina likitoka moja, tafuteni pia katika sajili ya dhamana iliyoundwa na sheria ya 2017 ya mali zinazohamishika, kwa sababu si kila deni huonekana kwenye logibuku. Datsun, Peugeot, Land Rover, chochote ulicho nacho, kisitoke uani kabla gari lao halijasoma jina lako.

Zile elfu kumi na tano hakurudisha, na simu hapokei. Tumeandikisha ripoti polisi, ndiyo maana sitaji jina wala nambari hapa. Yule mzee wa Kisauni naye amekubali kuandikisha. Wengine mliopatwa, njooni na ujumbe wa M-Pesa na picha za tangazo, msifute kitu.

Tangazo limerudi wiki hii kwa jina jingine: Demio ya rangi ya fedha, bei ya kutupa, "napokea gari la zamani lisilotembea". Akikupigia, mwombe nambari ya gari kwanza. Sisi alitupa kwa shingo upande, baada ya kuulizwa mara tatu.