Kupamba mtungi: udongo mwekundu kabla ya moto, au rangi ya mafuta baada?

Kwa mtungi wa maji, udongo mwekundu hauna mpinzani. Upake mtungi ukiwa umekauka nusu: ukucha uweke alama, kidole kisizame. Uji wake, yaani udongo huo uliokorogwa kwa maji, uwe mwepesi kama maziwa; ukiwa mzito hubanduka, maana husinyaa kuliko mwili wa mtungi. Kisha sugua kwa kokoto laini mpaka ung'ae. Bagamoyo, kwa unyevu wa bahari, ongeza siku za kukausha. Maji yaliyojificha hugeuka mvuke motoni na mtungi hupasuka.

Rangi ya mafuta inakupa buluu na kijani, na ukikosea unafuta. Wageni huipenda (hawanywi humo). Ila huziba vitundu vya mtungi ambamo maji hupenya na kukauka nje yakaupoza, hivyo maji hayapoi, na jasho la mtungi, yaani maji yanayosukuma kutoka ndani, huiumua malengelenge. Kwenye chungu cha kupikia huungua na kunuka.